Kamati ya Mguu wa Papa Élie

Vijana wa redio, mliniaga vizuri. Keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa ndefu, na ile saa kubwa ya ukutani mliyonipa nimeitundika sebuleni, ingawa sijui mliwaza nini kumpa saa mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hana mahali pa kuwahi. Katikati ya soda mmoja wenu aliniuliza habari za kabla ya kompyuta, "Maman Technique, wakati ordinateur haikukuwa, mulikuwa munafanyaka nini hapa siku muzima?" Nilicheka tu, kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko soda. Sasa nimestaafu, nina nafasi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara wa redio ya kanisa mnaujua wenyewe: nusu unalipwa duniani, nusu unaahidiwa mbinguni.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino, kosa la mtu aliyeona studio kwenye picha tu. Redio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, huku Ibanda, chini ya mteremko ambao mvua ikinyesha haushukiki kwa miguu. Nilishuka kwa makalio. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro ya sponji na trei za mayai, lakini juu palikuwa na bati tupu, na hapo ndipo nilipojifunza kanuni ya kwanza ya ufundi wa sauti Bukavu: kabla ya kufungua mikro, tazama mawingu juu ya ziwa. Mvua ikianza kupiga bati, kwaya inakaa chini, inamenya ndizi, inangoja. Mhubiri mmoja alikataa kungoja. Alisimama mbele ya mikro akaiamuru mvua ikome kwa jina la Yesu. Tulirekodi amri yake yote, ila tulipoirudia kuisikiliza ilisikika mvua peke yake.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Bisimwa, fundi mzee aliyevaa koti moja la sufu, jua na mvua. Hakunikaribisha. Alinivisha kaski masikioni, akaniacha nisikilize chumba kitupu.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, Papa."

"Sikiliza tena."

Nikasikiliza mpaka shingo ikaniuma. "Nasikia friji. Ya maman wa jirani."

"Bon. Sasa njo unaweza kuanza kazi."

Ni yeye aliyenionyesha kukata mkanda kwa wembe na kuuunga kwa gundi bila msikilizaji kujua. "Usikatake mutu akiwa katikati ya pumuzi," alikuwa akisema. "Ngoja apumue. Hata Pasteur anapumuaka, ila wetu huyu inaomba uvumilivu." Ninyi leo mnakata kwa kidole kwenye kioo, na kila siku nasikia mnamkata mtu kabla hajapumua. Msinune. Nimestaafu, naruhusiwa kusema.

Kukata ndiko kulikonipa mkate, hasa kukata sebene. Sihitaji kumweleza mtu wa Bukavu sebene ni nini, ila kama kuna mgeni kati yenu: ni ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo waimbaji wamemaliza maneno, ngoma inaongeza mwendo, gitaa linapanda, na mwili wa mtu unaacha kuomba ruhusa. Kwaya zetu zote zilikuwa nayo. Wimbo unaanza na toba, unamalizika na sebene, hivyo ndivyo tulivyoumbwa. Mchungaji Mugisho, huyo Pasteur wetu, mwanzilishi wa redio, hakuafiki uumbaji huo. Alikuwa bado kijana, shingo ndefu, tai imekazwa mpaka mishipa inaonekana, na aliweka sheria: "Dakika moja ya furaha inatosha." Hakueleza aliipataje hiyo dakika. Nadhani alijipima mwenyewe.

Basi kila asubuhi mimi na Papa Bisimwa tulikata furaha za watu. Vipande vya mkanda vilijaa sakafuni. Papa Bisimwa alivikusanya kwenye mfuko, akavipeleka shambani kwake Kalehe, akavifunga kwenye vijiti ili vipeperuke na kufukuza ndege kwenye mtama. Alisema ndege wa Kalehe wana bahati kutuzidi, wanapewa sebene bila mahubiri.

Kwaya moja ya Minova ilituletea kaseti yenye wimbo mpole sana wa kuombolezea dhambi. Niliurusha Jumapili asubuhi kabla ya ibada, nikatoka kuchota maji. Kumbe wenzetu, kwa kukosa kaseti mpya, walikuwa wamerekodi juu ya kaseti ya baa. "Amina" ya mwisho ilipokwisha, hewani zikafuata sauti za chupa, mtu akaomba kwa Kilingala aongezewe ya baridi, na gitaa likaendelea kwa raha zake. Niliporudi na ndoo, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mchungaji alitoka kuwatuliza, akidhani wamekuja kulalamika. Wengi walikuja kuuliza jina la wimbo wa pili. Tangu siku hiyo nasikiliza kila kitu hadi mwisho, hata salamu za rambirambi.

Halafu tulijaribu mchezo wa redio kila Jumatano, ili kuwarudisha vijana waliokuwa wanakimbilia vibanda vya video. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alicheza Shetani. Hapo tulikosea, kwa maana tulimpa nafasi hiyo mtu mwenye kipaji. Shetani wetu alikuwa na vichekesho, alijua bei za soko la Kadutu, aliwaiga wakubwa wa mji mpaka ukadhani wamo studioni. Malaika alichezwa na shemasi aliyesoma karatasi kama anasoma bei ya misumari. Salamu za wasikilizaji zote zilikuwa za Shetani. Mama mmoja alimtumia kuku. Mchungaji akaamuru Shetani apunguziwe maneno. Kila juma tulimpunguzia, mpaka akabaki anakohoa tu, na watu wakaendelea kufungua redio kwa ajili ya kile kikohozi. Mwishowe mchezo ulifutwa, na mwalimu akafungiwa chumbani na wazee wa maombi ili atolewe pepo. Pepo mwenyewe alikuwa kipaji chake. Sijui kama walifaulu, alihamia Shabunda.

Baada ya hapo ndipo ikaundwa kamati ya kupambanua nyimbo: upi ni wa Mungu, upi ni wa dunia. Ilikaa kila Jumanne. Penye wengi pana mengi, na kamati ile ilikuwa na wachungaji wasaidizi, mashemasi, na Maman Siffa, rais wa wamama, aliyekuwa na miwani mikubwa na macho yaliyoona hata bila miwani. Kijana mmoja alileta wimbo unaosema "mpenzi wangu, nakuwaza." Aliapa kwamba mpenzi ni Yesu.

"Na pale unasema macho yake inakukosesha usingizi," akauliza Maman Siffa, "iko pia Yesu?"

Kijana akanywea. Lakini shemasi mmoja akamtetea, mwingine akapinga, wakabishana mpaka giza likaingia, na wimbo wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kikao. Mchungaji Mugisho alichoka. Alitaka kipimo kisichobisha, na akakipata mguuni mwa Papa Élie.

Papa Élie alikuwa shemasi na seremala, mtu mrefu, mpole, mchache wa maneno. Sisi wa rika langu tulimjua kabla ya huo upole. Alikuwa mpiga solo wa okestra iliyochezea baa za kando ya ziwa, na kwa harusi ilikodiwa hadi Kalehe na Minova. Mimi mwenyewe, nikiwa msichana, nilicheza muziki wa gitaa lake kwenye harusi ya dada yangu mpaka kiatu kikakatika. Kisha aliokoka, na mbele ya kanisa zima akaweka nadhiri kwamba hatagusa gitaa tena hadi kaburini. Aliishika nadhiri yake. Vidole vilitii, ila mguu wa kulia ulikataa. Muziki wa kuchezeka ukianza, hata matangani, mguu ule uliruka wenyewe, na mzee wa watu akalikamata goti lake kwa mikono miwili kwa haya. Mtu mwingine angemhurumia. Mchungaji aliona karama.

"Huu muguu ilitembeaka mu dunia, inajua dunia," akatutangazia. "Ikitulia, wimbo iko ya Mungu. Ikiruka, iko ya Shetani. Kwisha mabishano."

Mnacheka. Mimi nilikaa nyuma ya kioo, kidole juu ya kitufe, na kucheka hakukuwamo katika kazi zangu. Papa Élie aliketi kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba, Biblia mapajani. Maman Siffa aliinama mbele ya kiatu. Wengine walisimama kumzunguka kama wanamsubiri kuku atage. Mchungaji ananionyesha dole gumba, mimi nabonyeza. Wimbo uliopita ulirushwa wote, na sebene yake. Usiopita, kwaya ilirudi nyumbani kutubu. Papa Bisimwa alivumilia vikao viwili vitatu, kisha akachukua koti lake. "Maman, mimi nilisomeaka masikio," aliniambia. "Muguu sikusomea." Akaenda zake Kalehe kwa ndege wake, na mimi nikabaki fundi mkuu wa watu wasiotaka kusikia.

Mji nao ulielewa haraka. Watunzi waliacha kumwandikia Mungu, wakaanza kuuandikia mguu. Nyimbo zilipunguza mwendo, zikapunguza tena, mpaka redio yetu ikasikika kama mtu anayepanda mlima na gunia la makaa. Kwaya zenye akili zilimletea Papa Élie zawadi ya viatu, vizito, vya kijeshi, vyenye chuma mbele. Sidhani kulikuwa na mzee mwingine Bukavu aliyekuwa na viatu vya kutisha namna ile. Yeye alivipokea kwa adabu akavigawa. Vita vilipita, vikarudi. Wakubwa wa mji walibadilika, kaseti zikawa CD, CD zikawa flash, na kila Jumanne kamati ilikaa ikitazama mguu. Vijana walishaacha kutusikiliza. Walicheza mahali pengine, nasi tukasema dunia imeharibika.

Sasa nafika kwa Neema.

Neema ni kitinda mimba wa Papa Élie na mkewe, Maman Charlotte. Alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya ya vijana, na gitaa alijifunza pale pale kanisani, kwa ruhusa, kwa sababu kwa mchungaji gitaa lilikuwa dhambi kwa aliyelijua vizuri tu. Alitunga wimbo wa mwanamke anayepandisha mzigo kutoka ziwani huku akimwambia Mungu amechoka, na mwisho wake akaweka sebene ndefu, ya kuchezwa na yeye mwenyewe. Hakumwonyesha baba yake. Lakini kwaya ina midomo mingi, na habari zikamfikia mchungaji. Akamwita Papa Élie mbele ya kamati yote.

"Papa Élie, muguu yenu ikiruka, Neema anatoka mu kwaya, na ndoa yake sitaibariki. Na mulishaka kusema ninyi wenyewe, muziki ya dunia haitalala mu nyumba yenu. Tutaona kama neno yenu iko neno."

Papa Élie alikuwa kweli amesema hivyo, tena kwenye mimbari, tena mara nyingi. Ni maneno rahisi kuyasema watoto wakiwa wadogo. Sasa binti alikuwa na mchumba, mahari yamekwisha kupokelewa, ukumbi umekwisha kuombwa. Kwaya yake, ndoa yake, hata kitanda chake nyumbani kwao, vyote viliwekwa juu ya mguu wa baba yake, na baba mtu akaitika kwa kichwa tu.

Nilishindwa kunyamaza. Niliuliza kama ni vizuri baba kumhukumu binti yake.

"Muguu haina jamaa, Maman Technique," akanijibu Maman Siffa.

Kuna msemo wa kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Kwetu ilikuwa afadhali hata hiyo, kwa maana nyani angeulizwa maoni yake.

Jumanne ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na Papa Élie alishuka mteremko amevaa bote za mpira mpaka magotini. Maman Siffa akazitazama, akaona njama.

"Papa, mutoe ile bote. Ndani mule vidole binaweza kucheza na hatutajua."

Akazivua. Alikuwa na soksi ya kahawia yenye tundu, na dole gumba lake la mguu lilikuwa nje, linatutazama. Maman Siffa akasogeza stuli karibu, miwani inakaribia kugusa soksi. Wote wakainama. Nje, kwenye ukumbi mwembamba, Neema alikuwa amesimama na gitaa lake mgongoni, na Maman Charlotte ameketi kwenye benchi, kitenge amekikunja mikononi mwake mpaka kimekuwa kamba. Niliwaona kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Nikabonyeza.

Maneno yalipita salama. Mzigo, mlima, Mungu. Kisha sauti zikanyamaza na gitaa likaingia, na mimi nyuma ya kioo nikapigwa na bumbuazi, kwa sababu ile sebene niliijua. Niliijua kwa miguu yangu. Ni ile ile iliyokata kiatu changu kwenye harusi ya dada yangu. Ni Papa Élie mwenyewe aliyeipiga usiku ule, kabla binti huyu hajawa hata wazo.

Nikamtazama yeye. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na chumba kile kilikuwa na baridi. Soksi haikutikisika. Dole gumba halikutikisika. Kamati nzima ilikuwa imeinama juu ya mguu ule, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama mapajani, ambako Biblia ilikuwa imefungwa, na juu ya jalada lake vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea. Havikuwa vinagongagonga hovyo. Vilikuwa vinabonyeza, vinahama, vinarudi, kila kimoja mahali pake, sawasawa na gitaa lililokuwa linasikika. Aliipiga sebene yote juu ya ngozi ya Biblia, uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza matangazo ya vifo. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha pale tu mwenyewe alipomaliza.

"Muguu?" akauliza mchungaji.

Maman Siffa aliinuka, anajishika kiuno. Alikuwa mtu mkali lakini si mwongo. "Haikutikisika. Hata kidogo."

Mchungaji akaitazama ile soksi kwa muda, kama anaipa nafasi ya mwisho. "Bon. Imepita."

Papa Élie hakungoja sala ya kufunga. Alitoka na soksi zake hivyo hivyo, bote mkononi. Neema akasimama wima.

"Papa?"

"Imepita."

Maman Charlotte akasema "Aksanti Yesu" kwa sauti ya chini na kuanza kukikunjua kile kitenge. Mambo yalikuwa yamekwisha. Wangeweza kupanda mteremko, wakafika nyumbani, wakapika, harusi ikafuata, na mimi leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini Papa Élie hakuondoka. Alisimama mbele ya binti yake, anatazama gitaa.

"Nani alikufundisha ile?"

Neema akamtazama mama yake. "Maman anaiimbaka kila siku akitwanga sombe. Na mudomo. Miye nilidhani iko wimbo ya jikoni."

Maman Charlotte akainamisha kichwa. Miaka yote ile mke wa shemasi, wa kupiga makofi tu kanisani, kumbe jikoni, kwenye kinu cha majani ya muhogo, alikuwa anahifadhi gitaa la mumewe kwa mdomo. Papa Élie alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na sijawahi kuona mwanamume akimtazama mwanamke hivyo katika ukumbi wa kanisa.

Kisha akamgeukia binti. "Pale katikati unaiharibu."

"Fasi gani, Papa?"

"Pale unashuka. Haishukake. Inabakia kule juu, inangoya, kisha inarudia. Maman yako anaishusha sababu ya mutwangio. Leta."

Akaweka bote chini. Kamati ilikuwa inatoka mlangoni wakati huo huo, mchungaji mbele.

"Papa Élie," akasema mchungaji. "Papa Élie! Nadhiri!"

Alisikia. Najua alisikia, kwa sababu alifumba macho. Halafu akapiga. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, vidole vya seremala, kisha vikakumbuka, na gitaa likapanda likabaki kule juu, likangoja, kama alivyosema. Maman Charlotte akainuka kwenye benchi. Hakupiga makofi. Alicheza, mama mzima yule, polepole, kitenge mkononi, machozi yanamtoka, mbele ya mchungaji, mashemasi na rais wa wamama. Nami, kwa kuwa nimeambiwa niseme kazi ilivyokuwa, nasema: nilipiga kigelegele. Kilinitoka chenyewe. Miaka yote niliyokata furaha kwa wembe, ile hakuna aliyeweza kuikata.

Adhabu ilitolewa kabla Jumapili haijafika. Wimbo haukuguswa, kwa sababu mguu ulikuwa umekwisha kushuhudia na kamati haiwezi kumkana shahidi wake. Neema alibaki kwenye kwaya, ndoa yake ikabarikiwa. Wimbo wake ndio ule mnaoombwa mpaka leo kwa kila harusi. Lakini Papa Élie aliwekwa chini ya nidhamu kwa kuvunja nadhiri: asikaribie Meza ya Bwana, asiombe hadharani, asikae kwenye kamati yoyote, asiende sala za alfajiri wala vikao vya mashemasi, wala kutembelea wagonjwa, wala kukusanya michango, mpaka atubu. Walipomaliza kuyasoma yale makatazo, nilifikiri ni orodha ya vitu ambavyo mimi ningelipa nisifanye.

Kamati ikajikuta haina mguu. Wakajaribu wa shemasi mmoja, ukasinzia pamoja na mwenyewe. Wakajaribu wa Maman Siffa, ukaruka kwenye wimbo wa kwanza, naye akasema ni mkakamao wa msuli. Mchungaji akanijia mimi. Nikamwambia, "Pasteur, yangu miguu yote mbili ilipoteaka zamani, musisumbuke." Nyimbo zilirundikana mezani. Ndipo akaamua ni wakati wa kusamehe. Alitaka msamaha huo urushwe hewani, ili mji usikie Papa Élie akitubu kwa mdomo wake, basi akanichukua na mashine yangu ya kurekodia, tukaenda kwake Nyalukemba.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Papa Élie alikuwa barazani, gitaa mapajani, Neema pembeni na la kwake, mume wake anapiga chupa kwa kijiko. Maman Charlotte alikuwa anatwanga sombe kwa mwendo wa wimbo, na majirani wamekaa kwenye ngazi na ukuta. Alipotuona, Papa Élie alisimama, akavua kofia. Chupa na kijiko vikawekwa chini. Mimi nikafungua mikro.

Mchungaji alisema vizuri, sikatai. Alisema kanisa ni mama, na mama hasahau mtoto. Alisema kiti cha Papa Élie kinamngoja kila Jumanne, na sala za alfajiri, na vikao vya mashemasi, na michango. Ila aseme neno moja tu la kutubu, na leo hii nidhamu inaondolewa. Papa Élie alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, kofia kifuani.

"Pasteur, aksanti sana kutukumbuka," akasema. "Kutubu nitatubu, miye niko mutu wa Mungu. Lakini kama inawezekana, muniongezeye kidogo ile nidhamu. Neema ameshika nyimbo nne tu, na ziko mingi."

Mchungaji akapanda barazani, akasimama mbele ya gitaa. Papa Élie akaketi, akalipanga gitaa vizuri mapajani, akamtazama tena kwa upole ule ule.

"Na musogee kidogo, Pasteur. Munatufungia mwanga."